Herufi Hazikutosha

Mtoto wa mdogo wangu ndiye aliyenipigia simu. "Mama mkubwa," akaniambia, "kile kiwanda alichofanyia kazi babu kimefanywa makumbusho. Wamepaka chokaa, wameweka na kibao mlangoni." Nikamjibu kwamba mimi na makumbusho hatujuani, magoti yangu mabovu, na nina mbuzi wawili wa kulisha. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshuka Nangurukuru, natafuta gari la kuingia Kilwa Kivinje, namnunia kila aliyenikanyaga. Wewe unanijua tangu zamani. Mimi nikisema siendi, ujue nimeshafunga mzigo.

Jengo ni lile lile. Kuta nene za matumbawe na chokaa tangu enzi za Mjerumani, madirisha marefu, dari ya boriti. Sisi watoto tulipaita Chapani, kwa kuwa ndipo palipopigwa chapa kila kitu kilichosomwa na watu wa upande ule: matangazo ya mkutano, kadi za harusi, vitabu vya kisomo cha watu wazima. Mashine kubwa ya mkono bado imesimama katikati, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Zamani haikung'aa hata siku moja. Kilichokosekana ni harufu. Chapani palinuka wino na mafuta ya taa ya kuoshea herufi, na saa za mchana palinuka ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, maana baba aliipenda kuliko wali. Sasa panawekwa vichupa vya marashi. Nilisimama mlangoni nikajisikia nimeingia nyumba ya mtu mwingine.

Binti mmoja wa ushungi wa buluu akanijia. "Shikamoo mama, karibu sana." Nikamwitikia marahaba. Akanishika mkono akaanza kunieleza: hizi mama zinaitwa herufi za risasi, zinapangwa moja moja, zinasomwa kinyume. Mtu akikufundisha jina la mtoto uliyemzaa mwenyewe, mwache amalize, hana kosa. Akanipeleka kwenye ukuta wa mwisho.

Ukutani, ndani ya fremu, kulikuwa na tangazo la ule mwaka wa kuhamia vijijini. Karatasi imekuwa na rangi ya chai. Maneno yamejaa juu, yanawaambia wananchi wa vitongoji vifuatavyo wahamie kijiji kipya kando ya barabara, kisha majina ya vitongoji, kisha basi. Nusu ya chini ya karatasi ni weupe mtupu.

"Unaona mama," binti akasema, "walivyokuwa hawapotezi maneno. Amri tu. Huu weupe wa chini ndio unaowashangaza wageni wetu."

"Na wewe wageni huwaambia nini?"

"Nawaambia zama zile wakubwa hawakuwa na haja ya kueleza."

Nikamwomba kiti. Nitakueleza wewe sasa ule weupe ulitoka wapi, maana tangu siku ile sijamweleza mtu.

Baba yangu alikuwa mpanga herufi. Asubuhi hadi alasiri alisimama mbele ya makasha ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, kila herufi na chumba chake, akidonoa moja moja kama kuku anavyodonoa mtama. Nilipotoka shule nilipita kwake. Kazi yangu ilikuwa kurudisha herufi zilizokwisha chapwa, kila moja chumbani kwake, na ole wangu nichanganye b na d. Nilijua kusoma kinyume kabla sijajua vizuri kusoma mbele. Mwalimu wa darasa la pili alinichapa kwa hilo, akidhani nafanya mzaha.

Sasa, zile herufi kubwa za matangazo zilikuwa na ila moja. Aliyezileta ni Mhindi mwenye kiwanda, kabla ya uhuru, na huko ng'ambo alikozinunua walizigawa kwa hesabu za Kiingereza. Herufi e zilifurika. Zile q na x zililala miaka na miaka mpaka buibui wakatandaza utando humo. Lakini a hazikufika mbali. Kiswahili kinakula a kama nyumba yenye watoto tisa inavyokula unga. Wewe andika tu "wananchi wote wanatakiwa" halafu uhesabu. Mhindi alikwenda zake baada ya uhuru, kiwanda kikawa cha umma, na ile njaa ya a ikabaki pale pale. Tangazo likiwa refu, baba alipanga nusu ya juu, akachapa karatasi zote, akaziosha herufi, akazirudisha, akapanga nusu ya chini, akazipitisha karatasi mashineni mara ya pili. Tangazo moja siku mbili. Watu walimwambia anachelewesha maendeleo.

Aliyemwokoa ni bibi, mama yake mzazi, na wala bibi hakujua kusoma. Bibi aliishi bara, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nangurukuru, kwenye kitongoji cha nyumba saba. Alikuwa na mchi wa mpingo aliopewa siku ya ndoa yake. Mchi ule ukapasuka. Mtu mwingine angeutia jikoni, bibi akaubeba kichwani mpaka mjini akamwambia baba, "Kuni za mpingo ni dhambi. Utafutie kazi." Jirani yetu alikuwa mzee Mmakonde, mchongaji. Baba akampa mchi na a moja ya risasi ya kuiga. Mzee yule naye hakujua kusoma. Alikaa kibarazani kwake siku nyingi, akikata vipande na kuchonga, akisema yeye haoni herufi, anaona mtu mwenye tumbo kawageuzia watu mgongo. Zilitoka arobaini na moja. Nyeusi, nzito, laini mkononi. Mama akashona mfuko kutokana na kaptula kuukuu ya kaki, maana za mbao hazikutakiwa kuchanganyika na za risasi. Tangu hapo baba alichapa tangazo kwa siku moja, na watu wa mjini waliitambua kazi yake kwa zile a zilizochapa nzito kuliko herufi nyingine. Bibi akija mjini alioneshwa tangazo ukutani, akagusa kila a kwa kidole. "Mchi wangu huo," alisema. "Mchi wangu na huu hapa."

Likizo zote nilikwenda kwa bibi. Kila mjukuu alipandiwa mkorosho, na wangu ulikuwa karibu na kaburi la babu. Msimu ukifika tuliokota tangu alfajiri, tunatenga korosho na mabibo, mikono inanata, nyuki wanatusindikiza. Bibi alikaanga korosho kwenye kipande cha debe, moshi wake unauma macho, nasi tunalia na kucheka. Ugali wa muhogo kwa kisamvu, halafu hadithi kwa Kimachinga, lugha ya kwao, ambazo nilizielewa nusu. Yeye hakuvumilia uvivu wala visingizio. Ukisema umechelewa maji kwa sababu kisima kilikuwa na watu, alikujibu, "Na hao watu walizaliwa kisimani?" Kila kitu alichokuwa nacho duniani kilikuwa kwenye ile mikorosho. Nguo za Idi, chumvi, sabuni, sanda yake aliyokwisha kuinunua na kuiweka sandukuni, vyote vilitoka mtini.

Basi siku hiyo nikatoka shule, nikakuta gari limesimama nje ya Chapani. Bwana mmoja alikuwa ameleta maandishi ya kuchapwa. Sitamtaja, wala ofisi yake. Ameshakufa, na walio hai wana mambo yao. Alitaka karatasi zake kabla ya alasiri, kwa kuwa gari lilikuwa linaingia bara siku ile ile kuzigawa. Akaenda kula. Baba akaweka maandishi mezani, akasoma, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha ikaadhiniwa adhuhuri, akaenda msikitini bila kunisemesha.

Nikasoma mimi. Nilisoma mstari wa kwanza, nikasoma orodha, na katikati ya orodha nikakiona kitongoji cha bibi. Sikuendelea. Laiti ningesoma mpaka chini, rafiki yangu! Lakini mtoto akishaona jina la kwao hasomi tena. Nikafikiri kwa akili ya miaka kumi: tangazo hili haliwezi kuchapwa leo bila a za mpingo. Likikosa kuchapwa, bibi hahami. Nikauchukua mfuko wa kaki.

Karibu na mlango wa stoo ya karatasi palikuwa na tundu ukutani, mahali ambapo boriti ilioza ikatolewa. Nilikusudia kuuweka hapo mpaka gari liondoke. Nikausukuma. Mfuko ukaniponyoka, nikazisikia zikishuka ndani ya ukuta, tiki tiki tiki, halafu kimya. Nikaingiza mkono hadi kwapani. Nilipata vumbi na gamba la konokono.

Baba akarudi, akanyoosha mkono kwenye msumari ulipotundikwa mfuko. Akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya mashine. "Mwanangu, umeuona mfuko wa a?"

"Sijauona, baba."

Hilo tu. Maneno mawili, na nimeyabeba mpaka nimeota mvi.

Akaanza kupanga kwa a za risasi. Alipanga kwa haraka ambayo sijapata kuiona kwake, na kila nilipotupa jicho, kile chumba cha a kilikuwa kinaonesha ubao wa chini. Zikaisha pale pale jina la mwisho la orodha lilipoisha. Bwana yule akawa amerudi, anatafuna kijiti cha meno.

"Mzee, herufi zimekwisha," baba akamwambia. "Nipe hadi kesho mchana, nipange na haya ya chini."

"Kesho gari liko kwingine. Chapa hayo ya juu."

"Lakini haya ya chini ndiyo ya kuwasaidia watu." Na baba akayasoma kwa sauti, akimbembeleza yule bwana, na mimi nikayasikia kwa mara ya kwanza. Yalisema watu wasihamishwe kabla hawajamaliza kuvuna korosho zao, na kwamba mwenye kuulizwa aoneshe tangazo hili.

"Hayo tutawaambia kwa mdomo," bwana akasema. "Chapa, mzee, chapa."

Ungeniuliza kwa nini sikufungua kinywa hapo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba hata ningesema, herufi zisingetoka ukutani. Uongo. Fundi mwashi alikaa nyumba ya tatu, na ukuta unabomoleka kwa nyundo. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa fimbo. Baba akachapa. Karatasi zikatoka moja moja, juu maneno, chini weupe, na mimi nikazipanga zikauke.

Kwa mdomo hawakuambiwa. Au waliambiwa wengine, wa kwetu wakasahauliwa. Sijui, na siku hizi hakuna wa kumuuliza. Malori yalifika korosho zikiwa ndio kwanza zinaanguka. Watu wazima wa kitongoji wakamleta mwalimu awasomee karatasi, wakimuuliza, je, hapo chini pameandikwa lini tuvune? Mwalimu akaigeuza karatasi, akatazama na nyuma. Akawaambia hapajaandikwa kitu. Mtu hana cha kuonesha, atabishana na lori? Wakaezua nyumba wenyewe.

Tulipokwenda kumtazama, bibi alikuwa kwenye kibanda cha nyasi kando ya barabara mpya, kitanda chake kimesimamishwa wima kwa sababu pa kukilaza hapakuwapo. Huko nyuma kwenye mikorosho nguruwe pori na kima walikuwa wanavuna. Alikwisha rudi mara moja kwa miguu, akabeba alichoweza kubeba kichwani, akakuta njia imeanza kuota nyasi na miguu yake imeanza kuvimba. Baba akapiga goti kumwamkia.

"Marahaba. Karatasi ile ulipanga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaandika tuhame."

"Nilipewa niandike, mama."

"Na mavuno hukupewa?"

"Nilipewa, mama. Herufi hazikutosha."

Bibi akacheka, na kicheko kile sikukipenda. "Mmesikia jamani?" akawaambia majirani waliokuwa wanachimbia nguzo. "Za kutuhamisha zilitosha. Za korosho hazikutosha!" Nao wakacheka, wale watu waliofukuzwa majumbani kwao, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu cha chumvi na sabuni tulichomletea.

Ikawa msemo. Mtoto akirudi dukani bila sukari: herufi hazikutosha. Bwana harusi akipunguza mahari: herufi hazikutosha. Bibi alipoitwa kwenye darasa la kisomo, kusoma vitabu alivyochapa mwanawe mwenyewe, aliwajibu, "Mimi niacheni. Herufi hazitanitosha." Mpaka leo ukipita vijiji vile utausikia, na wanaousema hawajui ulikotoka. Wanadhani ni maneno ya wahenga.

Bibi hakumtukana baba, wala hakukata naye usemi. Alifanya jambo baya zaidi: alimkaribisha. Baba akifika, alitolewa kiti chenye mgongo. Alitandikiwa mkeka mpya, akaletewa maji ya kunawa na kitambaa begani, akapakuliwa kwanza, akashukuriwa kwa kuja. Wewe ni mtu wa pwani, unajua. Mwana kwao hakaribishwi. Mwana anaingia jikoni, anafunua sufuria, anagombezwa, anatumwa kuni. Baba akishika shoka apasue kuni, bibi alimwambia, "Acha bwana, wewe mgeni." Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba yangu alisubiri lile jembe miaka minne, na alipolipata lilikuwa la kufukia kaburi la mama yake.

Hata sanda ile ya sandukuni haikutumika. Ilinyeshewa na mvua za mwanzo, kwenye kibanda, ikashika ukungu. Baba alinunua nyingine.

Baba mwenyewe alikufa mzee, kwangu, mimi nikimwuguza. Siku moja nilikusudia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mguu, nikasema, "Baba, lile tangazo." Akafungua macho akatabasamu. Dawa zake zilikuwa zimekwisha kwenye chupa, akaitikisa ile chupa tupu mbele yangu. "Herufi hazikutosha," akasema. Alikuwa ananichekesha, maskini. Nikacheka. Nikaenda kununua dawa, na ile nafasi haikurudi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa mimi, na mtungi umeshavunjika.

Basi nilikuwa hapo kitini, chini ya lile tangazo, binti ananipepea kwa karatasi ya makumbusho akidhani ni joto. Nikamwambia naona nafuu, tuendelee. Akaniongoza karibu na mlango wa stoo ya zamani. Lile tundu halipo. Wamelisiliba, wamepaka chokaa, na mbele yake wameweka kabati la kioo.

"Hiki ndicho tunachojivunia kuliko vyote," akasema. "Mafundi walipokuwa wanakarabati, walizikuta ndani ya ukuta. Hatujaona pengine popote. Mpingo mtupu, mama!"

Zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa chekundu, safu kwa safu. Mfuko wa kaki umewekwa kando, umeliwa na mchwa nusu. Kibao kinasema ni akiba ya fundi mpanga herufi, aliyezificha ukutani zisiibwe. Nilisoma mara mbili. Fundi mwenyewe ndiye aliyezificha! Hata hapa, miaka yote hii baadaye, mzigo umerudi juu ya kichwa cha baba yangu.

Nilitafuta wa kumwita aje aone. Bibi hayupo. Mzee Mmakonde hayupo. Mama hayupo. Wale waliocheka wakichimbia nguzo, mmoja mmoja wamekwisha kwenda, na mkorosho wangu, nimeambiwa, ulikatwa mkaa zamani. Nimeupata ushahidi wa kumtetea baba yangu, umewekewa na taa, na hakuna hata mtu mmoja aliyebaki wa kuoneshwa.

"Binti yangu," nikasema, "lile tangazo la kule ukutani, usiwaambie wageni kuwa wakubwa hawakutaka kueleza. Maneno ya chini yalikuwapo. Aliyepanga alitaka kuyachapa. Herufi hazikutosha."

Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu mzima aliyechoka na safari. Kisha akagonga kioo kwa ukucha, taratibu.

"Lakini mama, mbona zilikuwepo? Si hizi hapa?"

Nikainama nikazihesabu. Zilikuwa arobaini na moja, hakuna hata moja iliyopotea.